Dirisha, gereji, hema au kamera ya kutegesha: njia nne za kupiga picha wanyama wa uani wakati wa theluji

Watu wengi wanaotaka kupiga picha za ndege na kindi kwenye theluji huanza kwa kuuliza habari ya kamera: ninunue ipi, lenzi ya ngapi, simu yangu itatosha? Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Kwa anayeishi Minnesota kama mimi, na kwa wenzetu wa Maine, Wisconsin au Ontario, jambo la kuamua kwanza ni utakaa wapi wakati wa kupiga. Utakaa ndani nyuma ya kioo? Utajibanza gerejini? Utajifungia kwenye hema uani? Au hutakaa kabisa, utategesha kamera kwenye mti na kwenda zako kazini? Kila mahali pana wanyama wake, baridi yake na sura yake ya picha, na kifaa kinachofaa pale huenda kisifae hapa.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa mwenye kazi ya zamu na nyumba ya kawaida, dirisha ndilo la kuanzia. Gereji isiyo na hita inafuata, na ajabu ni kwamba hakuna anayeizungumzia. Kamera ya kutegesha ninaiheshimu, lakini kwa wanyama wa usiku tu. Hema la kujifichia, ambalo wapiga picha hodari hulisifu mno, naliweka mwisho. Sababu zangu ni hizi.

Kwanza, theluji yenyewe

Kipimo cha mwanga ndani ya kamera, iwe ya simu au ya maelfu ya dola, kimetengenezwa kwa imani kwamba vitu vya dunia, ukivichanganya vyote, vinatoa rangi ya kijivu cha wastani. Kikielekezwa kwenye uwanja uliojaa theluji kinaona mwanga umezidi, kinaupunguza. Ndiyo maana theluji kwenye picha nyingi inatoka rangi ya majivu, na ndege aliyesimama juu yake anatoka mweusi, hana hata jicho. Dawa ni kukilazimisha kipimo hicho: ongeza mwanga kwa stopu moja (kila stopu ni mwanga mara mbili) siku ya mawingu, na hadi stopu mbili pale ambapo theluji imejaza karibu picha yote. Kisha tazama grafu ya mwanga kwenye skrini. Mlima wake usogee kulia bila kugonga ukuta. Kwenye simu, gusa alipo ndege, halafu buruta kile kialama cha jua kwenda juu.

Kwa upande wa pili, theluji ni msaidizi ambaye hulipi kumwita. Ule weupe wa chini unarudisha mwanga juu, unamulika kifua cha ndege na upande wa chini wa bawa, sehemu ambazo kiangazi huwa gizani. Siku ya mawingu mepesi yenye theluji mpya ardhini ina mwanga mzuri kuliko siku ya jua kali, na mtu asikudanganye kwamba lazima ungoje anga la buluu.

Haya nimeyatanguliza kwa sababu yanagawa njia zetu nne mara moja. Dirishani, gerejini na hemani, mwanga unauamua wewe. Kamera iliyofungwa kwenye mti inajiamulia yenyewe, na theluji ya majivu utaipokea ulivyoletewa, labda uisafishe baadaye kwenye kompyuta.

Dirishani

Faida ya dirisha haihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kusimama nje mwezi wa Januari. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huonya kwamba baridi ya upepo ikifika nyuzi 28 za Selsiasi chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuungua kwa baridi ndani ya dakika 30. Na kupiga picha ni kazi ya vidole. Ndani una kiti, una chai, kamera iko tayari mezani, na betri haifi.

Faida ya pili ni ya ndege mwenyewe. Chikadii, yule mdogo wa kofia nyeusi na koo jeusi anayejaa kwenye vilishio vyote vya hapa, ana uzito wa gramu kama 11. Usiku wa baridi kali hushusha joto la mwili wake kwa nyuzi 10 au zaidi ili asimalize akiba ya mafuta kabla ya asubuhi. Anapoamka anahitaji kula haraka, na jioni kabla ya giza anahitaji kula tena. Ukitoka nje na kumrusha kila unapojisogeza, unamwibia zile dakika za kula. Mtu aliye nyuma ya kioo, ametulia, chumba kikiwa giza, hamsumbui hata kidogo.

Tatizo ni kioo. Madirisha ya huku yana vioo viwili au vitatu vilivyopangana, na ukipiga kwa pembe mwanga unadunda kati ya kioo na kioo, picha inatoka na kivuli chake pembeni, au laini tu kana kwamba lenzi imepakwa mafuta. Piga ukiwa umekielekea kioo moja kwa moja. Lenzi iguse kioo au ikikaribie kabisa, na mdomo wa lenzi uvae pete ya mpira ili isikwaruze. Zima taa zote. Mimi hutundika shuka jeusi mbele ya dirisha na kutoboa tundu la kupitisha lenzi. Linaua mng'ao wa kioo na linanificha kwa wakati mmoja. Vioo vya nje visafishwe mwezi wa Novemba kabla havijaganda, maana Januari ukipitisha kitambaa chenye maji utakuwa umetengeneza barafu.

Na jikoni si mahali pake. Ukichemsha maharage, mvuke unapanda kiooni na kuganda kwa ndani, na asubuhi nzima huoni nje. Chagua dirisha la chumba cha kulala.

Wapo wanaodhani dawa ya kioo ni kufungua dirisha. Usifungue. Hewa ya joto inamwagika nje, inakutana na hewa ya baridi, na mwanga unapopita hapo unapinda. Ni mawimbi yale yale unayoyaona juu ya lami ya barabara ya Dodoma saa nane mchana, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoweza kuyanyoosha. Kioo safi kilichofungwa kinashinda dirisha lililofunguliwa, majira yote ya baridi.

Umbali nao una hesabu yake. Lenzi ya milimita 400 kwenye kamera ya kihisi kikubwa (kihisi ni ile sehemu ya ndani inayopokea mwanga), kwa mita 5, inaona upana wa sentimita 45 hivi. Chikadii ana urefu wa sentimita 13, kwa hiyo atachukua chini kidogo ya theluthi ya upana wa picha, ambayo ni saizi nzuri yenye nafasi ya kupumua. Kamera ya kihisi kidogo, zile za bei ya kati, inapata karibu saizi hiyo hiyo kwa lenzi ya milimita 300. Maana yake lenzi ya kawaida ya 70-300 iliyotumika inatosha kabisa, ilimradi kilishio kiko mita 5 kutoka dirishani.

Lakini hapo ndipo pana mgongano, tena mgongano wa kweli. Watafiti wa vifo vya ndege wanaogonga madirisha hushauri kilishio kiwe ama ndani ya mita moja kutoka kwenye kioo, ambapo ndege hana nafasi ya kushika kasi, ama zaidi ya mita 9. Mita 5 zinazompendeza mpiga picha ziko katikati ya hatari. Ukitaka umbali huo, bandika alama kwa nje kwenye kioo, nukta au mistari iliyoachana si zaidi ya sentimita 5, kwenye dirisha zima isipokuwa tundu unalopigia. Au chukua njia rahisi: nunua kilishio kidogo cha kubandika kiooni kwa vikombe vya mpira. Ndege atakuwa sentimita 20 kutoka kwako, hatari ya kugonga inapungua sana, na hapo hata simu inapiga picha ya maana.

Kasoro ya mwisho ya dirisha ni urefu. Nyumba nyingi za hapa zimejengwa juu ya besimenti, sakafu ya kwanza imeinuka mita moja au zaidi, kwa hiyo unampiga ndege ukimtazama kwa juu na nyuma yake inakuwa theluji tupu, tambarare, bila kina. Picha ya mnyama inapata uhai lenzi ikiwa usawa wa jicho lake. Shuka besimenti. Lile dirisha dogo lililo usawa wa ardhi, si lile lenye shimo la kutokea mbele yake, linakupa junko, yule ndege wa kijivu anayeokota mbegu chini, na sungura, na kindi, wote jicho kwa jicho. Nyuma yao miti ya mbali inayeyuka kuwa rangi tu. Zoa theluji mbele ya dirisha hilo, nyunyiza mbegu za alizeti nyeusi mita moja kutoka kwenye kioo, ungoje.

Gerejini

Gereji isiyo na hita ina joto karibu sawa na la nje. Hiyo ndiyo siri yake. Unainua mlango nusu mita au unafungua ule mlango mdogo wa pembeni, unakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nyuma kabisa kwenye giza, na hakuna kioo wala mawimbi ya hewa kati yako na mnyama. Upepo haukufikii. Ukichoka uko hatua tatu kutoka jikoni. Jirani anayekuona anadhani unatengeneza gari.

Kwa ukali wa picha, gereji inalishinda dirisha kila siku. Kwa raha, inashindwa. Na kinyume na dirishani, hapa betri inaanza kuwa mada. Betri za lithiamu za kuchaji hupoteza nguvu upesi kwenye baridi, inayoonyesha imejaa inaweza kuzima kamera ghafla. Weka ya pili kwenye mfuko wa ndani, kifuani, ubadilishane. Ile iliyokufa ikipashwa joto mara nyingi hufufuka kiasi. Simu ni dhaifu zaidi. Apple wenyewe wameandika kwamba iPhone imetengenezwa kutumika kati ya nyuzi 0 na 35, na Januari ya hapa haijui hata hiyo sifuri iko wapi.

Kurudi ndani nako kuna adabu yake. Kamera baridi ikiingia chumba chenye joto inatoka jasho, nje na ndani, na maji ndani ya lenzi ni gharama. Kabla hujavuka kizingiti itie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, utoe hewa, ufunge, uache hivyo saa moja au mbili. Kama una haraka ya kuona picha, toa memori kadi ukiwa bado gerejini.

Udhaifu mkubwa wa gereji ni kwamba haihami. Nyumba nyingi gereji inatazama barabara, na ndege wako uani nyuma. Kama yako iko nyuma, kwenye kichochoro, hesabu una bahati.

Hemani

Hema la kujifichia linauzwa kwenye maduka ya wawindaji, linafunguka lenyewe ukilirusha, lina madirisha ya wavu pande zote. Bei ya la kawaida mara nyingi haifiki bei ya lenzi ya bei rahisi. Liweke uani siku kadhaa kabla ya kuanza kupiga, ndege walizoee, theluji ilifunike kidogo. Ingia kabla hakujapambazuka.

Picha zake ni bora kuliko zote, sibishi. Unachagua pembe ya jua, unachagua nyuma pawe na nini, unalaza lenzi chini kabisa, na theluji ikianguka hakuna ukuta wala mfereji wa paa unaoikata. Kwa theluji inayoanguka, kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya 1/500 ya sekunde au zaidi inasimamisha chembe hewani, na 1/60 inazichora kama nyuzi. Kadinali dume, mwekundu mzima, akiwa ametulia tawini katikati ya nyuzi hizo, ni picha ambayo watu wa nyumbani hawaamini kwamba umeipiga wewe. Kumbuka tu kwamba theluji nzito inaichanganya kamera, inashika chembe iliyo karibu badala ya ndege. Punguza eneo la kulenga liwe nukta moja.

Ila bei yake hailipwi kwa dola. Desemba 21, Minneapolis, jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na linazama saa kumi na nusu jioni. Mwenye zamu ya saa moja hadi saa tisa anabakiwa na saa moja na nusu ya mwanga, na huwezi kuingia hemani saa tisa na nusu ukategemea ndege wakusahau kabla ya giza. Kwa hiyo hema ni la Jumamosi na Jumapili, siku ambazo pia kuna kanisa, kuna harambee, kuna watoto. Wengine huingiza hita ya gesi ili wavumilie. Hema dogo lililofungwa na moto wa gesi ni hatari ya kuvuta hewa ya sumu, na juu ya hayo ile hita inarudisha mawimbi ya hewa tuliyoyakimbia dirishani. Vaa matabaka, kalia godoro la sponji, weka vifuko vya joto ndani ya glavu, na ukishaanza kutetemeka toka.

Kuna jambo jingine ambalo maelekezo ya wawindaji hayalitaji. Mtu mweusi, alfajiri, amejificha kwenye hema katikati ya mtaa wa nyumba za watu, ameshika kitu kirefu cheusi kinachotokeza dirishani. Mei 2020, kwenye bustani ya Central Park mjini New York, mtazamaji ndege Christian Cooper aliitiwa polisi na mwanamke mzungu kwa sababu alimwomba amfunge mbwa wake kamba, na siku chache baadaye watazamaji ndege Weusi wakaanzisha wiki yao ya kila mwaka. Sisemi usitumie hema. Nasema wagongee majirani milango kwanza, waonyeshe picha mbili tatu kwenye simu, waambie siku utakayokuwa uani. Mara nyingi wao ndio watakuambia mbweha anapita wapi.

Kamera ya kutegesha

Hii ndiyo njia yenye historia ndefu zaidi, na sehemu ya historia hiyo ni ya kwetu. George Shiras, mwanasheria aliyewahi kuwa mbunge wa Pennsylvania, alikuwa akipiga kulungu na wanyama wengine usiku huko kaskazini mwa Michigan kwa taa ya mmweko na waya ambao mnyama mwenyewe aliugusa. Julai 1906 jarida la National Geographic lilitoa picha zake 74 kwa pamoja. Miaka hiyo hiyo Mjerumani Carl Georg Schillings alikuwa anafanya kazi kama hiyo kwa simba na fisi katika nchi za kuzunguka Kilimanjaro.

Waya umebadilishwa na kihisi cha joto. Kamera ya leo haioni mnyama, inahisi kitu chenye joto tofauti na mandhari kikipita mbele yake, na hapo baridi inakuwa rafiki: mwili wa mbweha dhidi ya theluji ya nyuzi 15 chini ya sifuri unaonekana wazi kuliko mchana wa Julai. Ndege wadogo ndio inaowakosa, kwa sababu wanapita upesi na joto lao ni dogo. Anayenunua kamera hii ili apate chikadii atapata matawi matupu.

Usiku inamulika kwa infraredi, mwanga ambao jicho la mtu halioni, picha inakuwa nyeusi na nyeupe. Kuna aina mbili za taa: za nanomita 850, zinazofika mbali lakini zinaonyesha nukta nyekundu hafifu, na za 940, ambazo hazionekani kabisa lakini hazifiki mbali. Kwa uani chukua 940. Umbali wenyewe ni mfupi, na theluji inarudisha mwanga mwingi hata ule wa 850 unamfanya sungura wa karibu atoke mweupe pee kama karatasi. Kamera ifunge mita 4 au 5 kutoka njia ya mnyama, si karibu zaidi, na lenzi itazame kaskazini ili jua la chini la majira ya baridi lisiingie ndani. Kila theluji kubwa ikianguka ardhi inapanda, basi pandisha na kamera.

Betri zisiwe za alkali, maana ndani yake mna maji na baridi inazizima. Nunua zile za AA za lithiamu zisizochajiwa, ambazo zimeandikwa kufanya kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Ni ghali, na kamera nyingi zinakula nane kwa mpigo, lakini usipige hesabu ya kuokoa hapa.

Mahali pa kuifunga theluji yenyewe itakuambia, na sehemu hii naipenda kuliko picha. Toka asubuhi baada ya theluji ya usiku, usikanyage, tazama. Sungura anaacha alama nne: mbili kubwa ndefu mbele, mbili ndogo nyuma yake, moja ikiwa imetangulia nyingine kidogo. Hizo kubwa za mbele ni miguu ya nyuma, kwa sababu akiruka inapita ile ya mbele na kutua mbele yake. Kindi anaacha alama za aina hiyo, ila miguu yake ya mbele imesimama sambamba, ubavu kwa ubavu, na njia yake inaanzia kwenye mti na kuishia kwenye mti. Mbweha haachi mashada. Anakanyaga mstari mmoja ulionyooka, mguu wa nyuma ukiingia pale pale ulipotoka wa mbele, utadhani mnyama ana miguu miwili. Ukiona mstari huo unapita pengo la uzio, na kesho yake tena, funga kamera hapo, imtazame akija au akienda, isimtazame ubavu, maana ubavuni atakuwa ameshapita kabla haijaamka.

Ukilinganisha na njia nyingine, picha zake ni duni: chembechembe, majivu, tarehe na saa zimeandikwa chini. Lakini ni yenyewe tu itakayokuonyesha nani anaishi uani kwako saa nane za usiku. Na inafanya kazi ukiwa zamu. Ihakikishe tu haitazami dirisha wala mlango wa jirani.

Chambo

Schillings alifunga ng'ombe na punda hai ili simba waje. Huku kwetu ugomvi ni wa bundi: wapo wapiga picha wanaomrushia bundi wa theluji panya hai barabarani ili aruke kuelekea kwenye lenzi. Bundi anajifunza kwamba watu na magari ni chakula. Usifanye, na ukiona picha ya bundi mwenye makucha wazi akiijia kamera moja kwa moja, usikimbilie kuipongeza.

Mbegu za alizeti na shahamu kwa ndege wadogo ni jambo jingine. Osha kilishio kila baada ya wiki mbili hivi, ziada ya chini uizoe, kwa sababu vinyesi na mbegu zilizooza hueneza salmonela. Mahindi kwa kulungu usiweke. Minnesota ina wilaya ambako kulisha kulungu kumepigwa marufuku kwa ajili ya ugonjwa wa CWD unaoua ubongo wao, na hata palipo ruhusa, kuwakusanya pua kwa pua si kuwasaidia. Kipanga akitua kumla njiwa wako, mpige picha, umwache ale.

Kwa hiyo uchague nini

Kama una nyumba ya kupanga ghorofa ya tatu na roshani, hema na gereji havikuhusu. Kilishio cha kiooni, kama mwenye nyumba anaruhusu, na simu uliyo nayo. Kama una nyumba yenye ua na mfuko mmoja tu wa kununulia, nunua kamera ya kihisi kidogo iliyotumika na lenzi ya 70-300, usinunue kamera ya kutegesha kwanza, kwa kuwa ile ya kwanza inatumika dirishani, gerejini, hemani na kwenye harusi. Anayefanya kazi usiku na kulala mchana ndiye ninayemwambia aanze na ya kutegesha, kwa sababu asubuhi akirudi picha zipo. Hema nunua majira ya pili, ukishajua ni ndege gani hasa unayemtaka na anatua tawi lipi. Ukitaka sababu ya kuanza, kuna hesabu ya ndege wa uani inayoendeshwa na Cornell Lab na Audubon, mashirika ya Marekani yanayoshughulika na ndege, siku nne kila Februari tangu 1998, na watu huambatanisha picha zao.

Vimeingia pia vilishio vyenye kamera ndani, vinavyokutumia video kwenye simu na kukutajia jina la ndege. Watu wananiuliza kama hivyo havijamaliza ubishi wote huu. Lenzi yake ni pana na iko sentimita chache kutoka mdomoni mwa ndege, kwa hiyo kila chikadii anatoka na kichwa kikubwa na mwili wa kitoto, mandhari yote ni plastiki ya kilishio, na theluji utaibahatisha pembeni. Kwa picha ya kutundika ukutani siwezi kukushauri. Ila kama unataka bibi aliyeko Moshi afungue simu saa kumi na mbili jioni, wakati huku ni saa tatu asubuhi, amwone kadinali anakula mbegu kwenye baridi hiyo na aulize mbona hafi, hicho ndicho cha kununua.